Kumsikia Mwenzako Kabla Hujamjibu

Mwaka 2005 Janice Kiecolt-Glaser, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, pamoja na mumewe Ronald Glaser, bingwa wa masuala ya kinga ya mwili, walichapisha matokeo ya utafiti ambao mtu akiusikia mara ya kwanza hudhani ni mzaha. Waliwaita wanandoa, jozi 42, wakawalaza hospitalini mara mbili, kila mara kwa saa 24. Kila mmoja aliwekewa mkononi kifaa kinachofyonza ngozi mpaka ikafanya malengelenge madogo. Kisha mke na mume wakaketishwa wazungumze. Safari ya kwanza mazungumzo yalikuwa ya upole: kila mmoja alieleza jambo ambalo angependa kulirekebisha katika nafsi yake, na mwenzake akamtia moyo. Waliporudi kulazwa mara ya pili, waliambiwa waongelee lile linalowagombanisha nyumbani. Baada ya hapo kazi ya watafiti ikawa kupima vidonda.

Vidonda vya safari ya pili vilichelewa kupona. Na wale waliojibizana kwa ukali, kwa kejeli na kwa kukatana maneno, ngozi yao ilijifunga kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya wanandoa waliotofautiana bila uhasama. Damu yao nayo ilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani, ule ambao ukidumu miaka na miaka huhusishwa na maradhi ya moyo na kisukari.

Mimi huutaja utafiti huu mapema kwa sababu unazima dhana mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni kwamba mambo ya mapenzi ni ya moyoni tu, hayagusi nyama na damu. Ya pili ni kwamba ndoa njema ni ile isiyo na ugomvi. Wanandoa wote wale walipewa jambo la kugombania, na wote walikuwa nalo. Tofauti ilikuwa katika yale yaliyopita kati ya neno la huyu na jibu la yule. Nafasi hiyo, ambayo mara nyingi haizidi sekunde mbili, ndiyo ninayotaka kuieleza leo.

Wanasaikolojia huita uzingativu ile hali ya mtu kuielekeza akili yake kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa hivi, ndani yake na mbele yake, bila kukimbilia kukihukumu. Chimbuko lake ni mafundisho ya Kibuddha ya zaidi ya miaka 2,000. Aliyeuingiza hospitalini ni Jon Kabat-Zinn, ambaye mwaka 1979 alifungua kliniki katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya kudumu ambao madaktari walikuwa wameishiwa la kuwafanyia. Aliyavua mafunzo yale vazi la dini, akayapanga katika wiki 8, na tangu hapo yamefanyiwa utafiti mwingi kuliko tiba nyingi za kisaikolojia. Wasomaji wengine huingiwa na wasiwasi wakisikia habari za Buddha. Sioni sababu. Muislamu anayejitahidi kuhudhurisha moyo katika swala na Mkristo anayekaa kimya mbele za Mungu wanaifahamu kazi hii ya kuirudisha akili iliyotoroka. Kilicho kipya ni kuifanya kazi hiyo mbele ya mke au mume aliyekuudhi.

Uzingativu utaupimaje? Kirk Warren Brown na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester walitunga mwaka 2003 dodoso la sentensi 15 ambalo bado linatumika sana. Hakuna humo habari ya ubani wala kukunja miguu. Mtu huulizwa ni mara ngapi hula bila kujua anakula, ni mara ngapi husahau jina la mtu pale tu alipotajiwa, ni mara ngapi humsikiliza mtu kwa sikio moja huku akifanya jambo jingine. Kwa maneno mengine, linapima jinsi mtu anavyoishi kwa mazoea, mwili ukiwa hapa na akili ikiwa safarini. Na safari hizo ni nyingi. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard waliripoti kwamba waliwauliza watu wazima 2,250, kupitia simu zao na kwa nyakati za kushtukiza, walikuwa wakifanya nini na kuwaza nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo, akili haikuwa kwenye jambo lililokuwa mkononi. Na akili iliyotoroka ilikuwa na furaha kidogo kuliko iliyobaki nyumbani, hata pale kazi yenyewe ilipokuwa ya kuchosha.

Sasa tuingie chumbani. Mwaka 2007 Sean Barnes na wenzake, akiwemo huyo Brown, waliwaita wapenzi vijana, wakawapima kwa dodoso lile, kisha wakawataka wazungumzie jambo wanalokosania. Walitarajia kuona kwamba mwenye uzingativu zaidi hujizuia vizuri zaidi katikati ya mabishano. Walichokikuta ni tofauti kidogo, na kwangu mimi kinafurahisha zaidi: watu wale waliingia kwenye mazungumzo wakiwa tayari na hasira pungufu na wasiwasi pungufu kuliko wengine. Kinga ilikuwa imefanya kazi kabla ya neno la kwanza. Na wakati wa kutoka, waliutazama uhusiano wao kwa jicho jema kuliko wenzao. Tafiti nyingine zilizokusanywa na kuchambuliwa pamoja zinaelekea upande huohuo: uhusiano kati ya uzingativu na kuridhika na mwenzi upo, ingawa si mkubwa sana. Mwenye kukuahidi kwamba dakika kumi za kuvuta pumzi kila asubuhi zitaiokoa ndoa anakuuzia kitu.

Kwa nini basi uhusiano huo upo? Nadhani jibu linaonekana vizuri zaidi katika mambo madogo kuliko katika ugomvi mkubwa.

Tuseme kuna mke na mume wanaoishi Mbagala, Dar es Salaam. Mke amerudi kutoka Kariakoo saa moja na nusu usiku, miguu imevimba, amesimama kwenye daladala njia nzima. Anaweka mkoba, anasema, "Baba Zawadi, leo nimemwona yule fundi aliyetujengea jiko. Amekonda huyo, utamhurumia." Baba Zawadi yuko kwenye kochi. Anajibu, "Mm." Macho yako kwenye simu, kwenye kundi la kamati ya harusi ya binamu yake, ambako mweka hazina amebandika orodha ya waliotoa ahadi na hawajalipa, na jina lake limo. Mama Zawadi anasimama kidogo, anaingia jikoni. Dakika ishirini baadaye wanagombana kuhusu chumvi.

John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miongo kadhaa katika maabara yake ya Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, angesema ugomvi ule haukuhusu chumvi wala fundi. Habari ya fundi ilikuwa mwaliko. Mtu akisema "tazama mvua ile", au akihema kwa sauti, au akileta umbea wa sokoni, mara nyingi anauliza swali moja lisilotamkwa: upo? Mwenzake anaweza kumgeukia, anaweza kumpuuza, anaweza kumkaripia. Gottman aliwafuatilia maharusi kwa miaka 6, na kwa hesabu zake waliobaki pamoja walikuwa wameitikia mialiko ya namna hiyo kwa asilimia 86, na wale walioachana kwa asilimia 33. Namba hizi zisichukuliwe kama mizani ya duka, maana kila maabara ina namna yake ya kuhesabu, lakini upana wa tofauti unatosha kumfanya mtu aweke simu chini.

Na hapa ndipo uzingativu unapoacha kuwa habari ya kujituliza na kuwa habari ya kumwona mtu. Baba Zawadi hakumdharau mkewe. Hakusikia kwamba ameitwa. Ukimuuliza kesho, ataapa kwamba alimjibu, na kweli alijibu. Akili yake ilikuwa kwenye deni la harusi, na kinywa kilifanya kazi yake peke yake. Kumpa mafunzo ya namna ya kuongea na mke hakutamsaidia sana mtu huyu, kwa sababu maneno anayo. Anachokosa ni kugundua, katika ile nukta ambayo sauti ya mke imepita sikioni, kwamba akili yake haipo pale.

Mama Zawadi naye ana kazi yake. "Mm" ile ilipomfikia, kifua kilibana, na kabla hajafika jikoni hadithi nzima ilikuwa imeshatungwa: hanithamini, tangu lini amewahi kunisikiliza, mama yake akipiga simu mbona anainuka. Hadithi za namna hii hutungwa haraka kwa sababu akili ina malighafi ya miaka kumi. Zinaweza kuwa na ukweli ndani yake. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuwaza "hanithamini" na kutambua kwamba "hapa nimekereka, na wazo lililonijia ni kwamba hanithamini". Anayetambua hivyo ana nafasi ya kurudi sebuleni na kusema, "Weka simu kidogo, nataka kukusimulia." Asiyetambua, ataikuta chumvi.

Simu inastahili neno lake hapa. James Roberts na Meredith David wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, walichapisha mwaka 2016 utafiti kuhusu wenzi wanaopuuzwa kwa ajili ya simu. Karibu nusu ya waliohojiwa walisema wamewahi kufanyiwa hivyo na wapenzi wao, na walipoufuatilia mnyororo, waliona kwamba kupuuzwa kulizaa magomvi kuhusu simu yenyewe, magomvi yakapunguza kuridhika na uhusiano, na hilo likaambatana na kuridhika kidogo na maisha kwa jumla. Sisemi simu ndiyo mkosaji. Gazeti lilifanya kazi hiyohiyo zamani, na redio ya mpira inaifanya mpaka leo. Ila gazeti halikuwa likimwita mtu kwa jina kila dakika tatu.

Kuna jambo jingine la Gottman ambalo washauri wa ndoa wanapaswa kulijua kuliko wanavyolijua. Mtu anapobanwa kwenye ugomvi, moyo ukapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, uwezo wake wa kusikia maana ya maneno hupungua sana. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia, haujajiandaa kuelewa. Katika jaribio moja, watafiti waliukatiza ugomvi wa wanandoa kwa kuwadanganya kwamba mitambo ina hitilafu na inahitaji kurekebishwa. Waliwapa magazeti wasome, wakawaomba wasizungumzie jambo lao. Baada ya kama nusu saa mazungumzo yakaendelea. Mapigo ya moyo yalikuwa yameshuka, na watu walewale, wenye tatizo lilelile, waliongea kama watu wengine. Hakuna aliyekuwa amewashauri kitu.

Ndiyo maana huwa sina imani na ule wosia wa "msilale mkiwa mmekasirikiana". Saa tano usiku, watu wawili waliochoka na wenye mioyo inayodunda, wanalazimishana kumaliza jambo. Wanalimaliza vibaya.

Turudi kwa waliojaribu kufundisha uzingativu kwa wapenzi moja kwa moja. Utafiti unaotajwa zaidi ni wa James Carson na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, uliochapishwa mwaka 2004. Walichukua jozi 44 za wanandoa ambao hawakuwa na matatizo makubwa, wakawagawa kwa kura: kundi moja likaanza mafunzo, jingine likasubiri zamu yake. Mafunzo yalikuwa ya wiki 8, yakifuata mpango wa Kabat-Zinn, ila kila zoezi liligeuzwa liwe la watu wawili. Walikaa wakiangaliana machoni, jambo ambalo wengi walioana miaka mingi hawajalifanya kwa zaidi ya sekunde chache. Walijinyoosha viungo wakisaidiana. Walizungumza kwa zamu, mmoja akisema na mwingine akisikiliza tu bila kuandaa jibu. Walitakiana mema kimyakimya. Waliosoma walitoka wakiwa wameridhika zaidi na ndoa, wako karibu zaidi, wanakubaliana zaidi jinsi walivyo, na hawaelemewi sana na misukosuko ya maisha. Miezi 3 baadaye faida ilikuwa bado ipo. Madaftari yao ya kila siku yalionyesha pia kwamba siku ambayo mtu amefanya mazoezi zaidi, ndoa ilikuwa tamu zaidi siku hiyo na siku zilizofuata.

Lakini Carson alirudi mwaka 2007 na swali gumu: ni nini hasa kilichofanya kazi? Alitazama kama ni utulivu, kama ni kukubaliana, kama ni nini. Kilichoeleza mabadiliko vizuri zaidi ni kwamba wanandoa walijiona wakifanya pamoja jambo jipya lenye kuwachangamsha. Hili linaungana na kazi ya Arthur Aron, ambaye mwaka 2000 aliwafunga wanandoa pamoja mkono kwa mkono na mguu kwa mguu, wakatambaa kwenye magodoro wakiwa wamebana mto kati yao bila kutumia mikono wala meno. Walitoka wakicheka, na wakaupa uhusiano wao alama za juu kuliko wale waliopewa kazi ya kuchosha. Kwa hiyo huenda sehemu ya siri haimo katika pumzi hata kidogo. Imo katika kumwona mtu uliyemzoea kana kwamba hujamaliza kumjua.

Wapo pia watafiti wa Uholanzi, wakiongozwa na Johan Karremans, ambao mwaka 2020 waliulinganisha uzingativu na mazoezi ya kawaida ya kulegeza mwili, kila kundi likifanya kwa wiki mbili. Makundi yote mawili yalipata nafuu katika uhusiano. Matokeo kama haya hayavumi kwenye mitandao, lakini ndiyo yanayomfanya mtaalamu awe mkweli. Huenda mtu aliyepumzika ni mwenzi bora kuliko aliyechoka, basi. Na hapo lazima tuseme kwamba wengi wa waliopimwa katika tafiti hizi ni Wamarekani na Wazungu wenye vyumba vya kutosha. Kwa wapangaji wa vyumba viwili, na wifi amelala sebuleni, siku nzima ya mazoezi kama ile waliyopewa wanandoa wa North Carolina ndani ya mafunzo yao ni ndoto.

Kuna kukubali pia, na hapa tafsiri potofu ziko nyingi. Gottman alikadiria kwamba takriban asilimia 69 ya mambo wanayogombania wanandoa hayamaliziki: huyu ni mtu wa kuweka akiba, yule ni mtu wa kutoa, huyu anapenda wageni, yule anataka mlango ufungwe. Mwaka hadi mwaka wanarudi palepale. Andrew Christensen na Neil Jacobson waliunda tiba ya wanandoa inayowafundisha kuikabili tofauti ya namna hiyo bila kuigeuza kesi, wakaijaribu sambamba na tiba ya zamani kwa jozi 134 zilizokuwa na matatizo makubwa na ya muda mrefu. Miaka 5 baada ya tiba, takriban nusu walikuwa na nafuu ya kweli, na takriban robo walikuwa wametengana au kuachana. Tiba ya zamani, iliyokazia kubadilisha tabia, haikuachwa mbali mwishoni. Ninayaona matokeo hayo kuwa mazuri, hasa nikikumbuka hali waliyokuja nayo.

Kukubali huko kuna mipaka, na mtu wa pwani au wa Dar es Salaam anahitaji kuambiwa wazi. Binti anayeolewa huketishwa na somo au kungwi, au siku hizi husimamishwa kwenye jukwaa la kitchen party katikati ya sufuria na ndoo mpya, akaambiwa avumilie. Mengine katika mafunzo yale ni hazina: namna ya kusoma uso wa mtu, namna ya kuchagua saa ya kusema jambo zito, namna ya kumpokea aliyetoka safari. Hayo ni uzingativu kabla jina lake halijafika kwetu. Lakini agizo la kuvumilia hutolewa upande mmoja. Bwana harusi hupewa nasaha za dakika tano na wazee, nyingi zikiwa kuhusu pesa, kisha anaachiwa. Halafu tunashangaa mke ana masikio manne na mume hana hata moja.

Anayevumilia humeza. Anayezingatia huona, na akishaona anaweza kusema, "Hili linaniumiza, sitakaa nalo." Mke anayepigwa hahitaji kufundishwa kuvuta pumzi ndefu, anahitaji usalama, na dawati la jinsia lipo katika vituo vingi vya polisi nchini Tanzania kwa kazi hiyo. Mshauri yeyote anayempeleka mtu kama huyo kwenye mazoezi ya utulivu pamoja na anayempiga amekosea kazi yake. Vivyo hivyo kwa mwanamume anayetukanwa na kudhalilishwa kila siku mbele ya watoto, ingawa yeye huona aibu hata kusema.

Na mkosaji? Mwaka 2022 Andrew Hafenbrack na wenzake walichapisha mfululizo wa majaribio yenye onyo zuri. Watu waliokumbushwa makosa yao, kisha wakafanya zoezi la kuitazama pumzi, walipungukiwa na hatia, na pamoja na hatia hiyo ikapungua hamu ya kumwendea waliyemkosea na kurekebisha. Walitulia kweli, ila walitulia mapema mno. Zoezi la kuwatakia wengine mema, lile alilolitumia Carson pia, halikuwa na dosari hiyo kwa kiwango kile. Nimekutana na aina hii ya utulivu kwa wanaume wachache wasomi: amechelewa kurudi, amezima simu, mke anafoka, na yeye anakaa ametulia tuli, anahema polepole, anamwambia mke kwamba tatizo lake ni hasira. Mtu huyo haombi radhi. Ametumia mazoezi ya kujitambua kumkimbia mwenzake.

Basi mtu aanzie wapi, asiye na mwalimu wala siku nzima ya mazoezi? Ningeanza na mlango. Anayeingia nyumbani asimame kidogo nje kabla ya kubisha hodi, aone mwili umerudi na hali gani: mabega yamepanda? Njaa? Hasira ya bosi imekuja naye? Hakuna haja ya kuifukuza. Inatosha ajue ipo, ili asije akamkabidhi mtoto aliyemwaga maji. Anayepokea naye aache alichoshika kwa dakika mbili za kwanza. Wala si lazima ziwe dakika za mahaba. Habari ya fundi aliyekonda inatosha, mradi isikilizwe na macho.

Asiyependa kukaa kimya anaweza kuandika. Eli Finkel wa Chuo Kikuu cha Northwestern alizifuatilia jozi 120 za wanandoa kwa miaka miwili. Nusu yao, katika mwaka wa pili, waliombwa kila baada ya miezi 4 waandike kwa dakika 7 kuhusu ugomvi wao wa karibuni, wakiutazama kama angeutazama mtu wa tatu anayewatakia wote wawili mema. Jumla ni dakika 21 kwa mwaka. Kwa wale wasioandika, kuridhika na ndoa kuliendelea kuteremka, kama kunavyoteremka kwa wengi. Kwa walioandika, kuteremka huko kulisimama. Hawakugombana mara chache zaidi. Magomvi hayakuwachoma kama zamani.

Na ugomvi ukishawaka, yule wa kwanza kugundua kwamba moyo unamwenda mbio ndiye aombe kusimama, kabla maneno hayajamtoka. Aombe kwa kutaja saa. "Mama Zawadi, hapa nimepanda. Nipe nusu saa, saa tatu tukae." Bila saa, kuondoka kwako ni kuzira, na mwenzako atakufuata mpaka uani. Dakika 20 ndicho kiwango cha chini ambacho mwili huhitaji kushuka, na hushuka tu kama huzitumii kupanga hoja za kumshinda. Ndiyo maana watafiti walitoa magazeti. Osha vyombo, mwagilia maua, sali, vuka kwa jirani mkapige hadithi za mpira. Mkirudi, mmoja aseme, mwingine arudie kwa maneno yake alichokisikia kabla ya kukijibu, na msemaji aseme kama ndicho. Mara za mwanzo mtajiona mnaigiza, na mtacheka, jambo ambalo halina hasara. Ikifika saa tatu na moyo bado unadunda, ongezeni nusu saa nyingine, ila aliyeomba kusimama ndiye anayerudi kumwita mwenzake.